Kinywa cha Mama Mkwe

Mkasi wa kukatia nyuzi ulikuwepo katika duka la Bi Mshono, lakini ulilala chini ya mkebe wa vifungo na hakuna mteja aliyewahi kuuona ukifanya kazi. Uzi alioushona yeye aliukata yeye, na aliukata kwa meno. Akifika mwisho wa mshono aliinua nguo hadi mdomoni, kichwa kikainama upande kidogo, tik, kazi imekwisha. Wanagenzi waliopita mikononi mwake walijaribu kumsaidia, naye akawaambia kwamba mshono wa mtu haukatwi na mtu mwingine. Hilo lilikuwa mojawapo ya masharti yake, na masharti yake yalikuwa mengi kuliko viti vya wateja.

Jina la Bi Mshono alipewa na wateja wenyewe, na alilistahili. Nguo aliyoishona ungeweza kuivaa ndani nje na mtu asigundue. Lakini kusifu kazi ya mwingine kulimtoka kwa taabu. Akibanwa sana alisema, "Si mbaya," na aliyeambiwa hivyo alikwenda kuwasimulia jamaa zake wote.

Aliyeisubiri hiyo "si mbaya" kuliko watu wote ni mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee. Binti huyu alikuwa mpole, mwenye adabu zake, hasemi neno kabla ya kulipima. Alikuwa akisomea kazi ya kusafisha meno ya watu, katika chuo kilicho nyuma ya hospitali. Bi Mshono hakuielewa kazi hiyo. Kung'oa jino ni kazi, kuziba jino ni kazi, lakini kuosha? Kila mtu si ana mswaki wake? Basi akambandika jina la Msomi, na akilitamka alilivuta katikati kama mpira wa nguo, hivi kwamba hujui anatania au anachoma.

Halafu kulikuwa na lile koti jeupe la chuo. Msomi alilinunua likiwa limeshonwa tayari, mikono yake mirefu ikimfika kwenye vidole, akaikunja na kuibana kwa pini. Na huku ana mama mkwe fundi! Bi Mshono aliliona likining'inia kwenye kamba ya nguo, akalitazama mpaka likakauka. Moyoni iliingia kama mwiba: kumbe mimi si fundi wa kumshonea msomi. Hakujua kwamba yule binti alikuwa amefika hadi mlangoni mwa duka na kitambaa mkononi, akamkuta akimfokea mteja kwa ajili ya pindo, akageuza njia. Hivyo ndivyo walivyoishi, nyumba moja, heshima tele, na kila mmoja akimwogopa mwenzake kwa namna yake.

Habari ya mtihani aliileta mwanawe kwa simu, kwa kuwa ni dereva wa malori na nyumbani huonekana kwa nadra. Alisema mkewe yuko matatani. Katika mtihani wa mwisho kila mwanafunzi huja na mgonjwa wake mwenyewe, ambaye atasafishwa mbele ya mwalimu. Msomi alikuwa amempata mlinzi wa lango la chuo, mzee mmoja mvuta tumbaku ambaye kinywa chake kilikuwa kikitamaniwa na darasa zima. Sasa mlinzi kafiwa, kasafiri, na mtihani ni keshokutwa. Bila mgonjwa hakuna mtihani, bila mtihani ni kungoja mwaka mwingine, na zahanati iliyoahidi kumwajiri haitangoja. Mwana alimaliza kwa kumsihi mama yake asimwambie mkewe kwamba amesema.

Bi Mshono hakusubiri hata chakula kipoe. Wakiwa wawili mezani alimuuliza mkamwana wake:

"Na mimi je? Sina meno?"

Msomi aliweka kijiko chini. Furaha na hofu vilimpanda pamoja. Mtihani ulitaka mtu mwenye ukoga mwingi, ule wa miaka, uliogandamana na meno ukawa mgumu kama chokaa ukutani. Kinywa kisafi hakimfai mwanafunzi, hakina cha kumpima nacho. Lakini utamwambiaje mama mkwe wako kwamba unatafuta kinywa kichafu? Maneno hayo hayana njia ya kupita. Alizunguka, akapamba, akasema anatakiwa mtu ambaye hajapata nafasi ya kusafishwa kwa muda mrefu. Akaomba, kama Mama hataona vibaya, atazame kidogo tu.

Bi Mshono alifungua mdomo kama mtu anayemfungulia mgeni asiyemtaka, upana wa kidole. Ilitosha. Nyuma ya meno ya mbele ya chini kulikuwa na ukuta mzima wa ukoga, wa rangi ya chai, umeyashika meno yote pamoja. Moyo wa Msomi uliruka. Ilimpasa aangalie na magego huko nyuma, mwalimu yeyote angemwambia hivyo, lakini ni nani anayemwambia mama mkwe apanue mdomo zaidi? Alishukuru, akainamisha macho kwenye sahani.

Sasa, heshima ni kitu kizuri, ila nayo ina hasara zake. Siku ya mtihani Bi Mshono aliamka kabla ya wote, akasimama dirishani na kioo, akajitazama meno. Akayafikiria macho ya walimu na wanafunzi. Mtu hakaribishi wageni katika nyumba isiyofagiliwa. Watasema nini kuhusu yule binti, kwamba anaishi na mama mkwe asiyejua mswaki? Akachukua kifumulio chake, kile kijichuma chenye ncha anachofumulia mishono iliyokosewa, akakichemsha, akaanza kukwangua nyuma ya meno ya chini. Alikwangua kwa subira ile ile ya kazi yake. Vipande vilianguka kwenye sinki kimoja kimoja. Fizi zilitoka damu, akasukutua kwa maji ya chumvi, akaendelea. Alipomaliza alivaa gauni lake la kutokea na kujiona amempa mkamwana wake zawadi. Njiani hakuisema, maana zawadi haitangazwi.

Ukumbi wa mtihani ulikuwa na viti virefu vya kulalia, kila kimoja na taa yake, na wanafunzi wamesimama kando ya wagonjwa wao wakijifanya hawana wasiwasi. Mwalimu wa mitihani alikuwa mwanamke mfupi, miwani moja usoni na nyingine kichwani, na alikwenda kiti kwa kiti bila haraka. Alipomfikia Bi Mshono alimuuliza kuhusu maradhi, kuhusu dawa anazotumia, kisha kama ana jino lolote la bandia.

"Hapana," alijibu Bi Mshono upesi.

Tuseme ukweli kwa niaba yake. Alikuwa nalo. Juu, upande wa kushoto, kulikaa jino la bandia na kibao chake cha plastiki, limeshikiliwa kwa waya, na hakuna aliyelijua, hata mwanawe. Alilitoa na kulirudisha bafuni, mlango ukiwa na komeo. Na huyu ndiye aliyekuwa akimcheka msusi wa jirani kwa meno yake ya bandia, akisema yule mama ana kicheko cha kuazima. Nyani haoni kundule.

Mwalimu aliingiza kioo chake kidogo chenye mpini, akaanza na meno ya mbele ya chini. Akasimama hapo hapo. Aliangalia tena, akanyooka, akamgeukia Msomi, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko mwanzo.

"Mgonjwa huyu amekwanguliwa leo. Fizi bado mbichi. Ulianza kazi nyumbani?"

Kuanza kazi nyumbani ni udanganyifu, na mwanafunzi mdanganyifu hangoji mwaka mwingine, hufukuzwa. Msomi alisema hapana. Alikuwa ameelewa. Bi Mshono, akiwa amelala chali, aliona yale macho juu ya barakoa yakimwelekea, yakielewa kila kitu, kisha yakageukia sakafuni. Neno moja tu lingemwokoa binti, ni mama mkwe wangu, na hakulisema. Alikuwa tayari kubeba aibu yote mwenyewe kuliko kumvua nguo mkubwa wake mbele za watu.

Bi Mshono amewahi kuona mishono mingi ikivutwa kujaribiwa. Hajawahi kuona uliovutwa hivyo usifumuke. Akainuka, akaketi kitako.

"Mwalimu, mkosaji ni mimi. Nimekwangua mwenyewe alfajiri, kwa kifumulio cha dukani kwangu. Nilidhani namsaidia."

Kwenye kiti cha jirani mtu alikohoa kikohozi kisicho cha mafua. Mwalimu alimtaka aonyeshe alivyofanya, naye akaonyesha, vidole hewani, akiufumua mshono usiokuwepo. Uso wa mwalimu ulilegea kidogo. Alisema amemwamini. Lakini kuamini ni jambo moja na mtihani ni jingine: ukoga uliobaki mbele hautoshi, na hawezi kumpima mtu kwa kumfagiza uwanja uliokwisha kufagiliwa. Pole sana, mwakani.

Msomi alianza kuvua glavu. Alivua kwa utaratibu, kidole baada ya kidole, ili apate kitu cha kufanya badala ya kulia. Bi Mshono aliutazama mkono ule ukitoka kwenye glavu na akajua ana kitu kimoja tu cha kutoa, na ni kile alichoapa kufa nacho. Akaingiza vidole viwili mdomoni, akabonyeza waya, akalitoa jino lake la bandia, akaliweka juu ya sinia ya vyuma, mbele ya taa, kila mwenye macho aone.

"Tazameni huku," alisema, na pengo likampokonya nusu ya sauti. "Upande huu sijautafunia tangu mume wa huyu akiwa shule ya msingi."

Akalala, akafungua mdomo. Safari hii alifungua wote, mpaka mashavu yakauma.

Mwalimu aliteremsha miwani ya kichwani juu ya ile ya usoni. Aliinama, akagonga gego moja kwa ncha ya chuma, likatoa sauti ya jiwe. Akagonga la pili, akagonga la juu lililokuwa jirani na waya. Alikaa huko ndani muda mrefu.

"Hapa pana kazi," alisema hatimaye, kama mkulima aliyeonyeshwa shamba lenye rutuba. "Vaa glavu mpya. Anza."

Bi Mshono alijiandaa kuumia. Badala yake alijikuta anatazama, kinywa chake kikionekana katika kioo cha taa iliyokuwa juu yake. Hakuwahi kuuona mkono wa mkamwana wake karibu hivyo, na mkono ndio kitu pekee duniani anachojua kukisoma. Aliona kwanza kwamba kile chuma hakiingii kinywani hivi hivi. Kidole cha pete kilitangulia, kikakaa juu ya jino la jirani, kikatulia, ndipo chuma kikashuka. Kumbe naye analijua hilo! Mkono usio na pa kuegemea hukata kitambaa. Wanagenzi wangapi amewapiga vikofi kwa kosa hilo. Huyu hakuhitaji kofi. Chuma kiliingia chini ya ukingo wa ukoga, kikautafuta mwanzo wake, kikavuta mara moja, fupi, kuelekea juu, na kipande kikabanduka kizima. Hakukwangua ovyo kama yeye alfajiri. Alikuwa akifumua. Alikuwa akiutenganisha ukoga na jino bila kuligusa jino, kama mtu anavyofumua pindo la hariri isibaki hata alama ya sindano.

Mashine ndogo ya kutetema ilifuata, ikirusha maji na kuimba kwa sauti nyembamba, na mrija ukayanyonya maji kabla hayajamfika kooni. Kila alipofika penye maumivu Msomi alikuwa ameshajua, akapunguza, akamnong'oneza Mama astahimili kidogo. Alijuaje? Bi Mshono hakuwa ametikisa hata nyusi. Baadaye alitambua kwamba binti alikuwa akiangalia vidole vyake vya mikono, vilivyoshika gauni. Ni akili gani hiyo. Na wakati wote huo ile pini ya mkono wa koti ilikuwa ikipita mbele ya macho yake, mkunjo ukishuka, binti akiupandisha kwa kiwiko na kuendelea. Bi Mshono aliona haya kwa ajili ya pini ile kuliko kwa ajili ya pengo lake.

Mwisho ilikuja brashi ndogo inayozunguka, na dawa yenye chengachenga na ladha ya mnanaa. Ikapita jino kwa jino, mbele na nyuma, bila kuruka hata moja.

Alipoambiwa asukutue alisukutua, akatema, na ulimi wake ukaanza ziara. Ulikwenda kwanza nyuma ya meno ya chini, penye ule ukuta wa siku zote, ambao hata kifumulio kilikuwa kimeuacha nusu. Ukuta haukuwepo. Kulikuwa na meno, moja moja, kila moja limesimama na mabega yake, na kati ya jino na jino kulikuwa na uchochoro mwembamba ambamo hewa ilipita ikiwa ya baridi. Alishtuka, akadhani yamelegea. Akayasukuma kwa ulimi. Yalisimama imara, hayana habari naye. Ulimi ukapanda juu ukateleza, ukarudi ukateleza tena, haukupata pa kushika. Sahani iliyooshwa vizuri ukiipitishia kidole hulia. Akapitisha kidole kweli, bila kujali nani anamtazama, na meno yakalia.

Ndipo ulimi ukaenda kule nyuma, kushoto, mtaa ambao haukuwa ukitembelewa. Gego ambalo kwa miaka lilikuwa kama jiwe la njiani sasa lilikuwa na umbo. Lilikuwa na kiuno. Hakuwahi kujua kwamba gego lina kiuno, kwamba linaingia ndani kidogo karibu na ufizi kama gauni lililokatwa na mtu anayejua. Kinywa chake kilikuwa kimevaa nguo pana siku zote hizo, na sasa mtu amekipunguzia pande zote mpaka ikakikaa. Alikunywa maji, na maji yakapita kila mahali. Alitamani kucheka ili tu hewa iingie.

Mwalimu alipima jino kwa jino kwa ncha yake, akitafuta penye kukwaruza. Hakupata. Alimwambia Msomi, "Safi. Matokeo rasmi utayaona ubaoni, lakini leo kalale usingizi." Akaenda kiti kingine. Bi Mshono alikasirika. Kazi yote ile, safi tu?

Njiani hakusema neno, maana ulimi wake ulikuwa na shughuli. Msomi alitembea kando yake akiuogopa ukimya ule. Alimuuliza kama ameumia, akatikisiwa kichwa. Alimshukuru, akapungiwa mkono. Walipopita saluni, msusi alikuwa akicheka mlangoni kwa meno yake yote, na Bi Mshono akawa wa kwanza kumsalimia, jambo lililomfanya mwenzake asahau kuitikia. Ile "si mbaya" ilimjia Bi Mshono mara mbili mdomoni. Mara zote mbili ilifika kwenye yale meno, ikateleza, ikarudi. Ingekuwa uongo.

Hawakwenda nyumbani. Alifungua duka, akavuta kiti cha wateja, akasema, "Vua koti."

Alichomoa pini akaitupa. Hakupima kwa futi, alimshika binti kifundo cha mkono, akakizungusha kwenye mwanga, akapata kipimo. Alifumua mishono ya mikono yote miwili kwa kile kile kifumulio chenye makosa, kilichokuwa mkobani mwake, akakata, akakaa kwenye cherehani. Msomi alikaa akitazama, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza katika duka lile hakukalia ncha ya kiti. Mkono wa kwanza ulikamilika. Wa pili ulikuwa mgumu zaidi, kiwandani walikuwa wameukaza vibaya, naye akaumalizia kwa sindano ya mkononi, mishono midogo isiyoonekana. Alipofika mwisho aliinua koti hadi mdomoni, kichwa kikainama upande kidogo.

Uzi uligusa meno. Akabaki hivyo. Kisha akaliteremsha koti taratibu, akasogeza mkebe wa vifungo, akautoa mkasi uliokuwa chini yake. Ulikuwa umeshika kutu kidogo, akaupangusa kwa gauni lake la kutokea. Wala hakukata. Aliugeuza, akamwelekezea mkamwana wake upande wa kushikia.

"Kata wewe, fundi," alisema. "Mimi siwezi kuharibu kazi ya mwenzangu."

Binti aliuchukua mkasi. Mkono ambao haukukosea mbele ya mwalimu wa mitihani, ndani ya kinywa cha mama mkwe, sasa uliukosa uzi, na ilibidi aushike mara mbili ndipo akaukata.